MELI YA POSHO: JINSI MANOWARI ZINAVYOLISHWA BAHARINI

Muhula uliopita tulikuwa na mjadala chamani kuhusu kazi za jeshini. Kila aliyesimama alisifu mizinga, makombora na helikopta. Mimi nikauliza: je, manowari ikikaa katikati ya bahari mwezi mzima, mafuta yake hutoka wapi? Na chakula cha hao askari? Watu walicheka. Ndugu mmoja wa Kidato cha Nne akanijibu ati manowari huenda bandarini kujaza tangi, kama vile matatu inavyoingia kituo cha mafuta pale Gatitu, basi. Mwenyekiti akagonga meza, tukaingia ajenda nyingine.

Jibu lile si la uongo ila ni nusu tu. Nusu ya pili ndiyo nimeitafuta katika vitabu vya maktaba na kwa kuwauliza wakubwa, nayo ndiyo ninayoiandika hapa. Najua mtasema mtu wa Nyeri ana shughuli gani na bahari iliyo zaidi ya kilomita 600 kutoka kwake. Subirini kidogo.

Kuna aina ya meli ambayo haisifiwi na mtu. Ukiiona kwa mbali utadhani ni meli ya kawaida ya mizigo au ya mafuta. Haina mizinga ya kutisha, nayo haiendi mbio. Kazi yake ni kuzifuata manowari huko huko baharini na kuzipa mafuta, chakula, risasi, vipuri, dawa na barua, bila manowari hizo kutia nanga na bila kusimama. Ukitaka jina la kitabuni, sema meli ya ugavi. Mimi nitaiita meli ya posho, maana hilo tunalielewa sote.

Kwa nini manowari isibebe posho yake yenyewe tangu mwanzo? Kwa sababu haina nafasi. Ndani yake mmejaa injini, silaha, mitambo ya rada na watu mia mbili au zaidi, na tangi la mafuta hupata pale palipobaki. Tena kasi ni adui wa tangi. Meli ikitaka kwenda mara mbili ya mwendo wake, injini zinahitaji nguvu karibu mara nane, kwa maana maji ni mazito na hukataa kusukumwa. Manowari ikijikokota pole pole inaweza kufika mbali sana, lakini ikianza kumkimbiza mtu, mafuta yanaisha kama maji kwenye ndoo iliyotoboka.

Kurudi bandarini nako si rahisi. Bandari inaweza kuwa mbali siku tatu, na siku tatu nyingine za kurudi, na muda huo wote mahali pa doria ni patupu. Bandari huenda ni ya nchi ya watu wasiotaka kukuona. Na adui si mjinga, atakungojea mlangoni. Kwa hivyo manowari isiyo na meli ya posho ni kama mbuzi aliyefungwa kamba. Atakula majani yote yaliyo karibu, lakini kamba ikifika mwisho amefika.

Tuangalie mzigo wenyewe. Uingereza ina meli za posho za aina ya Tide, zilizoundwa Korea Kusini, na ya kwanza kuingia kazini ilikuwa Tidespring mwaka 2017. Moja tu inaweza kubeba takriban lita milioni 19 za mafuta. Baba yangu ni dereva wa lori la mafuta kati ya Nairobi na Nanyuki, na lori lake hubeba lita 35,000. Nilipiga hesabu mara mbili nikidhani nimekosea sufuri: meli moja ni zaidi ya malori 500 kama lile. Nilipomwambia baba alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na dereva wake analala saa ngapi?"

Jambo jingine lililonishangaza ni kwamba wanaoendesha meli hizo, kwa Waingereza na pia kwa Wamarekani, wengi wao ni raia, si askari. Wanavaa sare zao na wanakwenda vitani pamoja na manowari, lakini ni mabaharia wa kazi. Hata zile meli kubwa za kubebea ndege zinazotumia nguvu za nyuklia, ambazo hazihitaji mafuta ya kujisukuma, bado zinawangojea. Ndege hazitumii nyuklia, nao watu hawali nyuklia.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe, maana hapa ndipo penye uhondo. Hebu fikiria lori la mafuta na matatu zikitoka Marua kwenda Karatina, zikienda sambamba, dirisha kwa dirisha, na mpira wa mafuta umetoka kwenye lori ukaingia kwenye tangi la matatu. Hakuna anayesimama. Barabara yenyewe inainuka na kushuka chini ya magurudumu, na magari yote mawili hayana breki. Hayo ndiyo yanayofanyika baharini, isipokuwa lori moja lina urefu wa mita 200.

Meli ya posho ndiyo huongoza. Inachagua njia iliyonyooka na mwendo usiobadilika, kwa kawaida noti 12 hadi 15, yaani kama kilomita 22 hadi 28 kwa saa. Haiyumbi wala haipunguzi. Manowari hutokea nyuma yake, ikaongeza mwendo kidogo, ikapanda ubavuni hadi ikawa sawa nayo, kisha ikapunguza ili mwendo ulingane. Kati yao huwa kuna mita 30 hadi 50 hivi. Huo ni upana mdogo kuliko wa uwanja wa kandanda, na meli zenyewe ni tani maelfu kwa maelfu.

Meli zikishatulia, baharia mmoja hupiga bunduki maalumu. Risasi yake si ya kuua, bali huvuta kamba nyembamba kama ya kuanikia nguo mpaka ikaangukia meli ya pili. Watu huinama na kujificha kwanza, kwa sababu ile risasi ikikupata usoni utaikumbuka. Kamba nyembamba inavutwa, nayo imefungiwa kamba nene, kamba nene imefungiwa waya wa chuma. Waya ukishafika unafungwa imara na kukazwa kwa winchi. Halafu mpira mnene wa mafuta unaning'inizwa kwenye waya kwa makapi yenye magurudumu, ukateleza hadi ng'ambo kama nguo kwenye kamba. Mwishoni mwa mpira kuna pua ya chuma, na ng'ambo kuna mdomo mpana kama kengele. Pua ikiingia inajifunga kwa kishindo, pampu zinawashwa.

Winchi zina kazi ngumu kuliko mtu yeyote. Mawimbi yanazisukuma meli mara zikaribiane, mara ziachane. Zikiachana waya unakazika na unaweza kukatika. Zikikaribiana unalegea na mpira unatumbukia majini. Basi winchi inalegeza na kuvuta, inalegeza na kuvuta, muda wote. Kuna pia kamba moja nyepesi yenye vibendera vya rangi mbalimbali, kila rangi na umbali wake. Nahodha wa manowari anaitazama hiyo na kujua ni mita ngapi zimebaki. Usiku hutumia vitaa vidogo badala ya vibendera. Na kuna waya wa simu, kwa maana redio adui anaweza kuisikia.

Wakati mafuta yanapita, meli hupandisha bendera nyekundu. Kuvuta sigara ni marufuku. Baba aliposikia hilo alitikisa kichwa kwa kuridhika.

Hatari kubwa kuliko zote haionekani kwa macho, na hapa naomba radhi kwa mwalimu wetu wa Fizikia nikikosea kwa maneno ya Kiswahili. Mnakumbuka somo la mtiririko la Kidato cha Pili? Chukua karatasi mbili, zining'inize zikitazamana, kisha puliza katikati yake. Utadhani zitaachana. Kumbe zinakutana! Hewa iendayo kasi ina kanieneo ndogo, na hewa iliyotulia kwa nje inazisukuma karatasi ndani. Bernoulli ndiye aliyeieleza sheria hiyo katika karne ya 18. Sasa meli mbili zikienda sambamba, maji yanabanwa katikati yake na kwenda kasi, na meli zinavutwa zikutane kama zile karatasi. Kwenye omo maji yanazisukuma zitengane, lakini katikati ya ubavu yanazivuta. Kwa hivyo manowari ikipita mbele kidogo au ikibaki nyuma kidogo, nguvu zinabadilika na omo inataka kugeuka. Mtu wa usukani hapati nafasi hata ya kupenga kamasi. Anarekebisha kwa nusu digrii, nusu digrii, saa nzima, pengine saa mbili au tatu.

Ikitokea hitilafu, kwa mfano usukani umekwama au adui ametokea, kuna utaratibu wa kuachana kwa dharura. Pampu zinazimwa, mpira unafunguliwa, waya unaachiwa, na watu wamekaa tayari na shoka kwa yale yatakayokataa kufunguka. Mambo yakienda vizuri lakini, mwisho wake ni wa furaha. Manowari za Marekani zina desturi ya kupiga wimbo kwa vipaza sauti wakati wa kuachana, kila meli na wimbo wake, kisha inaongeza mwendo na kutoweka. Nimeipenda sana desturi hiyo.

Mizigo mikavu hupita vivyo hivyo kwenye waya, au huchukuliwa na helikopta ikining'iniza wavu uliojaa maboksi kutoka sitaha hii hadi ile. Hiyo sitaieleza zaidi kwa sababu ni rahisi kuielewa.

Nimesema habari za mafuta kana kwamba yalikuwako tangu zamani za kale. La hasha. Kabla ya mafuta meli zilikula makaa ya mawe, na makaa hayapiti kwenye mpira. Yalipakiwa kwa magunia na vikapu, mgongoni mwa watu, meli mbili zikiwa zimefungwa ubavu kwa ubavu mahali pasipo na mawimbi. Kazi ilichukua siku nzima au zaidi, na kila mtu alitoka mweusi wa vumbi, hata maofisa. Mwanzoni mwa mwaka 1905 manowari za Warusi zilizokuwa zikienda kupigana na Wajapani zilikaa wiki nyingi Nosy Be, kule Madagaska, zikipakia makaa na kungojea amri. Mwezi wa Mei mwaka huo zilifika Tsushima zikiwa zimechoka, zikashindwa vibaya.

Lakini kisa kinachofundisha zaidi kilitokea hapa kwetu Afrika Mashariki. Mwaka jana tulipelekwa ziara Mombasa tukaingia Fort Jesus. Mle ndani kuna mzinga mmoja mrefu. Wengi wetu walipiga picha nao, wakaenda zao kutafuta madafu. Ule ni mzinga wa manowari ya Kijerumani iliyoitwa Königsberg, na manowari hiyo kwa maoni yangu iliuawa na njaa kabla ya kuuawa na mizinga.

Königsberg ilifika Dar es Salaam Juni 1914, nahodha wake akiwa Max Looff. Vita Kuu vilipokaribia ilitoroka baharini ili isifungiwe bandarini. Siku ya 6 Agosti iliikamata meli ya Waingereza City of Winchester karibu na Omani, nayo kitu cha kwanza ilichotaka kwake si dhahabu wala chai iliyojaa humo, bali makaa. Meli yake ya posho ilikuwa Somali, iliyokuwa ikitoka Dar es Salaam kwa siri kuifuata. Waingereza nao walijua mchezo huo, wakanunua makaa yaliyokuwa Msumbiji ili Wajerumani wasiyapate. Tazama, hawakufyatua hata risasi moja, lakini kamba ya mbuzi ilikuwa imefupishwa.

Tarehe 20 Septemba Königsberg iliivamia Unguja alfajiri na kuizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus, iliyokuwa imesimama ikitengenezwa mitambo yake. Lakini injini yake yenyewe ikaharibika, ikabidi ijifiche katika mikono ya mto Rufiji, ndani ya mikoko. Chuma kilichovunjika kilivutwa na watu kwa njia ya nchi kavu hadi Dar es Salaam, kikatengenezwa, kikarudishwa vivyo hivyo. Waingereza waliitafuta pwani nzima bila kuiona. Kilichoichongea mwishowe ni karatasi! Mwezi wa Oktoba manowari Chatham ilikuta huko Lindi meli moja ya Kijerumani, na ndani yake hati zilizoonyesha kuwa makaa yamepelekwa Salale, Rufiji. Makaa ya nani Rufiji, mahali pasipo na reli wala kiwanda? Mwisho wa mwezi huo Chatham ikaiona.

Tangu hapo mlango ukafungwa. Somali ilipigwa ikaungua Novemba 1914. Februari 1915 Ujerumani ikatuma meli nyingine ya posho kutoka Ulaya. Hiyo ilikuwa Rubens, meli ya Waingereza iliyokuwa imetekwa, ikabadilishwa jina kuwa Kronborg na kuvalishwa sura ya meli ya Denmark. Ilibeba makaa ya Königsberg pamoja na silaha na risasi za jeshi la nchi kavu. Ilizunguka Afrika yote, kupitia kusini, ikafika karibu kabisa. Tarehe 14 Aprili 1915 manowari Hyacinth iliikuta na kuikimbiza hadi ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, ikaipiga hapo. Wajerumani baadaye waliokoa silaha nyingi kutoka humo. Makaa hayakufika Rufiji.

Kwa hivyo Julai Waingereza walipoleta meli mbili zenye kina kifupi, Severn na Mersey, ziweze kuingia mtoni, Königsberg haikuwa na pa kwenda. Ilipigana tarehe 6, ikapigana tena tarehe 11, kisha Wajerumani wakaizamisha wenyewe. Mizinga yake kumi ilitolewa mtoni, ikawekewa magurudumu, na ikaburutwa na watu katika vita vya nchi kavu. Mmoja wao ndio ule wa Fort Jesus. Na waliokuwa wakiwafuata Wajerumani hao nao walilishwa na nani? Na wapagazi waliobeba unga na risasi vichwani, wale wa Kariakoo, ambao jina lao limebaki katika Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam. Watu wa huku kwetu mlimani walikusanywa kwa wingi mwaka 1917 kwa kazi hiyo. Makumi ya maelfu ya wapagazi hawakurudi makwao, na wengi hawakuuawa na risasi bali na maradhi na njaa. Wale waliobeba posho wakafa kwa kukosa posho. Nimeliandika sentensi hiyo na sikujua niongeze nini.

Turudi majini. Mafuta ndiyo yaliyobadilisha kila kitu, kwa sababu mafuta hutiririka. Mwaka huo huo wa 1917, tarehe 28 Mei, meli ya Marekani iliyoitwa Maumee ilianza kuzijaza manowari ndogo mafuta katikati ya bahari ya Atlantiki zikiwa njiani kwenda Ailandi. Kijana mmoja aliyekuwa ofisa humo, Chester Nimitz, ndiye aliyesaidia kuipanga mipira na kamba. Huyo baadaye alikuwa jemadari mkuu wa manowari za Marekani katika Pasifiki wakati wa Vita vya Pili, na huko alipigana mbali na bandari zake kwa sababu alijua tangu ujana jinsi ya kulisha meli.

Wajerumani nao walijifunza somo la Rufiji. Mwaka 1939 manowari yao Graf Spee ilikuja hadi bahari ya Msumbiji, ikazamisha meli ndogo ya mafuta Africa Shell tarehe 15 Novemba, ikatoweka. Iliweza kuzurura hivyo kwa sababu nyuma yake kulikuwa na meli ya posho Altmark, waliyokutana nayo mahali pa siri. Altmark ilitoa mafuta, ikapokea mateka. Mateka hao, karibu 300, walikuja kuokolewa nchini Norwe Februari 1940.

Kisa kingine cha huku kwetu hakina risasi nyingi, lakini kwangu ni cha ajabu. Aprili 1966 Umoja wa Mataifa uliiruhusu Uingereza kuzuia meli zinazopeleka mafuta Beira, Msumbiji, kwa sababu kutoka Beira yalipita kwa bomba hadi Rhodesia, ambako walowezi walikuwa wamejitangazia uhuru wao. Manowari za Uingereza zikakaa pale zikizunguka, mwaka baada ya mwaka, hadi 1975 Msumbiji ilipopata uhuru. Miaka tisa! Jua kali, hakuna vita, hakuna bandari jirani ya kuingia kwa raha. Hazingeweza kukaa hata miezi miwili bila meli za posho kuja kuzijaza. Yaani meli za mafuta zililisha manowari ili manowari zizuie meli za mafuta. Na Rhodesia ikaendelea kupata mafuta kwa njia nyingine, hasa kupitia Afrika Kusini. Wakubwa walifanya yao.

Mtauliza, na Kenya? Jeshi letu la Wanamaji liliundwa tarehe 12 Desemba 1964, na kituo chake kikuu kiko Mtongwe, Mombasa. Mwaka 1994 lilipata meli mbili zilizoundwa Uhispania: KNS Galana na KNS Tana. Tusidanganyane, hizi si za kujaza manowari katikati ya bahari kuu kama Tidespring. Ni meli za kubeba askari, magari, vyakula na vifaa na kuvipeleka pwani, hata mahali pasipo na gati. Pwani yetu ina vituo vya mbali, kama Manda kule Lamu, na barabara za kule si za kutegemea nyakati zote. Lakini kazi ni ile ile ya posho.

Na jina je? Tana! Maji ya mto Tana hutoka milima ya Nyandarua na Mlima Kenya. Mto Chania unaopita hapa mjini kwetu, ambao wengine wetu tunauvuka kila asubuhi tukija shule, huingia Thagana, na Thagana ndiyo Tana yenyewe kwa jina la nyumbani. Huteremka takriban kilomita 1,000 hadi Kipini, akaingia bahari ya Hindi. Kwa hivyo yule aliyesema bahari haituhusu aende pale darajani akatazame maji yanakoelekea.

Kuhusu hatari ya kazi hii wakati huu wetu, maharamia wa Kisomali walituonyesha bila kukusudia. Kuanzia Desemba 2008 manowari za Umoja wa Ulaya zilikuja kulinda meli, zikiwemo zile zinazobeba chakula cha msaada kutoka Mombasa kwenda Somalia. Manowari nyingi namna hiyo zinahitaji meli za posho. Tarehe 29 Machi 2009 katika ghuba ya Aden, maharamia saba wakiwa kwenye mashua waliiona meli kubwa ya mafuta inakwenda taratibu. Haina mizinga. Wakaifyatulia risasi. Kumbe ni Spessart, meli ya posho ya jeshi la majini la Ujerumani! Mabaharia wake walikuwa raia, lakini siku hiyo walikuwako askari wa ulinzi, wakajibu. Mashua ikageuka kukimbia, Spessart ikaifuata na kuita wenzake, na manowari na helikopta za mataifa kadhaa zikaja. Wote saba wakakamatwa, wakaletwa Mombasa mikononi mwa serikali ya Kenya mwezi wa Aprili.

Ungedhani habari hiyo ilienea. Oktoba mwaka huo huo, tarehe 7 usiku, mashua mbili zilishambulia meli nyingine mbali na pwani ya Somalia. Hiyo nayo ilikuwa La Somme, meli ya posho ya Ufaransa, iliyokuwa njiani kuzipelekea manowari mafuta. Gizani hawakuona tofauti kati yake na meli ya biashara. La Somme iliwafukuza, ikaipata mashua moja na watu watano ndani yake, ikaendelea na safari, kwa sababu kule mbele kulikuwa na matangi yanayoingojea.